Mradi mmoja, kompyuta nne: uchambuzi wa kisa cha mipangilio ya mfumo endeshi

Kisa hiki ni cha timu ya wasanidi programu wanne mjini Arusha. Wanatengeneza mfumo wa kutunza kumbukumbu za michango na mikopo ya vyama vya kuweka na kukopa. Upande wa seva umeandikwa kwa Python na Django, upande wa kivinjari kwa React, na hifadhidata ni PostgreSQL inayoendeshwa ndani ya kontena la Docker, yaani kisanduku kinachobeba programu pamoja na mazingira yake. Mradi wenyewe ni wa kawaida. Kilichonivuta ni kwamba msimbo ule ule, uliovutwa kutoka hazina ile ile ya Git (zana ya kutunza matoleo ya msimbo), ulikubali bila kusumbua kwenye kompyuta moja tu kati ya nne. Waliobaki walikwama, na kila mmoja alikwama mahali pake.

Kompyuta ya kwanza ni ya mezani, mtumba, RAM yake GB 4, na ina Linux ya zamani yenye kerneli (kiini cha mfumo endeshi) 5.4. Ya pili ni kompyuta mpakato ya GB 16, nayo ina Linux yenye kerneli ya mfululizo wa 6. Ya tatu ni MacBook. Ya nne ni mpakato wa GB 8 wenye Windows 11 toleo la Home. Anayezijua ofisi zetu ndogo hatashangaa: kila mtu anakuja na mashine aliyoipata, na fedha za kununua zinazofanana hazipo. Ushauri wa "hamieni wote kwenye mfumo mmoja" hapa haumsaidii mtu.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji aupime anavyoendelea. Nikilinganisha zana za mipangilio naziuliza maswali matatu. Je, naweza kusoma thamani iliyopo sasa? Je, naweza kuiandika kwenye faili ya maandishi inayokaa pamoja na msimbo? Na je, zana hiyo itaniambia nikikosea jina la mpangilio? Uzuri wa dirisha na wingi wa vitufe siuhesabu kabisa.

Nafasi imeisha, na diski iko nusu tupu

Wa kwanza kukwama alikuwa mwenye kompyuta ya mezani. Alipowasha seva ya React ya kutengenezea, ilianguka ikitoa kosa la ENOSPC, ambalo kwa kawaida maana yake ni kwamba kifaa hakina nafasi.

"Kaka, inasema nafasi imeisha, na mimi diski yangu haijafika hata nusu," alimwambia mwenzake wa mpakato wa Linux.

"Hebu endesha df -i pia, dada, huenda ni inode."

Inode, yaani rekodi ambazo mfumo wa faili hutunza kwa kila faili, nazo zilikuwepo za kutosha. Wakafuta picha za Docker zisizotumika, wakafuta akiba ya npm (zana ya kuvuta vifurushi vya JavaScript), wakaondoa programu mbili ambazo hazikuwa na kosa lolote. Hali haikubadilika, na kuvuta tena kilichofutwa kulikula bando.

Chanzo kilikuwa inotify. Hii ni sehemu ya kerneli ya Linux, iliyoingizwa kwenye toleo 2.6.13 mwaka 2005, inayoziarifu programu kwamba faili fulani imebadilika. Ndiyo inayoiwezesha seva ya React kujenga upya ukurasa mara tu unapohifadhi faili. Lakini inotify haiangalii mti mzima wa folda kwa ombi moja; kila folda inahitaji mwangalizi wake. Mradi wa JavaScript wenye node_modules, folda ya vifurushi vilivyovutwa, una maelfu kwa maelfu ya folda. Kerneli nayo imeweka kikomo cha waangalizi kwa kila mtumiaji, kwenye mpangilio unaoitwa fs.inotify.max_user_watches. Kikomo kikifikiwa, kerneli inarudisha ENOSPC, kwa sababu nafasi iliyoisha ni ya waangalizi. Programu nyingi zinaipokea namba hiyo ya kosa na kuitafsiri kuwa diski imejaa.

Kwa nini basi mpakato wa pili, nao Linux, haukulalamika? Kwa miaka mingi kikomo cha kawaida kilikuwa 8192. Kuanzia kerneli 5.11 ya mwaka 2021, kerneli inakikokotoa kufuatana na kumbukumbu iliyopo: hakishuki chini ya 8192 na hakipandi juu ya 1,048,576. Mashine ya GB 16 yenye kerneli mpya ilijipatia kikomo kikubwa bila mwenyewe kujua. Ya GB 4 yenye kerneli 5.4 ilibaki na 8192. Watu wawili wenye "Linux" ile ile walikuwa na mipangilio tofauti kabisa, na hakuna kati yao aliyewahi kuugusa mpangilio huo. Ukitaka kujua kwa nini "kwangu inafanya kazi" ni kauli isiyosaidia, angalia hapo.

Sasa zana. Kwenye dirisha la mipangilio la GNOME, mazingira ya eneo-kazi ya Linux, mpangilio huu haumo. Unaweza kupekua kila ukurasa na usiuone. Njia yake ni amri ya sysctl, na ndipo timu ilipotumbukia mara ya pili. Walipata ushauri wa kuendesha sudo sysctl -w fs.inotify.max_user_watches=524288. Ikakubali papo hapo, na kazi ikaendelea. Siku chache baadaye umeme ukakatika, kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba ikazimika, na ilipowashwa kosa lilikuwa limerudi. Amri ya sysctl -w inabadilisha thamani iliyo kwenye kerneli inayoendeshwa wakati huo. Haiandiki kitu popote. Ili idumu, thamani inawekwa kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d, yenye jina linaloishia na .conf, kisha unaendesha sudo sysctl --system ili zisomwe upya.

Maelekezo mengi ya zamani yanasema uandike kwenye /etc/sysctl.conf. Kwenye mifumo mingi bado inafanya kazi, lakini Debian 13, iliyotoka mwaka 2025, haiisomi tena faili hiyo wakati wa kuwaka. Anayefuata maelekezo ya zamani huko ataandika mpangilio sahihi mahali pasiposomwa, na hakuna atakayemwambia. Tumia saraka ya sysctl.d tangu mwanzo.

Kuna jambo la kiasi pia. Namba 524288 imenakiliwa kila mahali kwa sababu ndiyo iliyopendekezwa kwenye maelezo ya VS Code, kihariri cha msimbo. Kila mwangalizi anachukua takriban baiti 1080 za kumbukumbu kwenye mashine ya biti 64, kwa hiyo waangalizi wote 524,288 wakitumika, kerneli inashikilia karibu MB 540 ambazo haziwezi kuhamishiwa kwenye diski. Kwenye GB 16 huoni tofauti. Kwenye GB 4, huku Docker na kivinjari vikigombania kilichobaki, unaona. Kikomo hakitengi kumbukumbu hiyo mapema, inachukuliwa tu kadiri waangalizi wanavyoongezeka, ila sioni sababu ya kuruhusu kiasi ambacho mashine haiwezi kukibeba. Nilipendekeza 131072, ambayo ikitumika yote inafika kama MB 135, pamoja na kuiambia VS Code isiangalie node_modules kupitia files.watcherExclude ndani ya .vscode/settings.json. Faili hiyo ya pili inakaa ndani ya mradi na inamfikia kila mtu kwa git pull. Kupunguza mahitaji kabla ya kupandisha kikomo ni hatua ambayo nimeona ikirukwa mara nyingi mno.

Kwa maswali yangu matatu, sysctl inapita vizuri sana. Inasomeka kwa amri moja, faili yake ni mstari mmoja wa maandishi, na ukikosea jina inakwambia ufunguo huo haupo. Udhaifu wake ni huo wa -w unaokupa ushindi wa muda na kukuacha ukiamini umemaliza.

Windows: milango mingi ya chumba kimoja

Mwenye Windows hakufika hata kwenye React. git clone yenyewe ilikataa baadhi ya faili kwa madai kwamba majina yake ni marefu mno. Hapa tunakutana na kikomo cha herufi 260 kwa njia nzima ya faili, kuanzia herufi ya diski mpaka jina la mwisho. Ukiweka mradi ndani ya folda ya nyaraka, ndani ya folda ya kazi, ndani ya folda ya mteja, kisha node_modules ikaongeza ngazi zake, herufi 260 zinaisha haraka.

Windows 10 toleo 1607, la mwaka 2016, ilileta ruhusa ya kuvuka kikomo hicho, lakini lazima uiwashe mwenyewe. Thamani inaitwa LongPathsEnabled na inakaa kwenye rejista, ghala la mipangilio ya Windows, chini ya HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\FileSystem. Hata ukiiwasha, programu nayo lazima iwe imetangaza kwamba inakubali njia ndefu, na Git ina mpangilio wake wa pekee: git config --system core.longpaths true. Kwa hiyo tatizo moja lina mipangilio miwili katika sehemu mbili, na ukigusa mmoja tu unaweza kudhani ushauri ulikuwa wa uongo.

Kuna njia nyingi za kuufikia mpangilio huo wa kwanza, na hazilingani. Mhariri wa sera za kundi, gpedit.msc, una mstari wake ulioandikwa kwa lugha ya kueleweka, lakini haumo kwenye toleo la Home, ambalo ndilo mwenzetu alilokuwa nalo. Alifuata maelekezo hatua kwa hatua, akatafuta dirisha ambalo halipo kwenye kompyuta yake. Mhariri wa rejista upo kwenye matoleo yote, ila unafanya kazi kwa kubofya ngazi baada ya ngazi na hautakuzuia ukiandika jina lenye kosa la herufi moja. Utakutengenezea thamani mpya isiyosomwa na chochote. Faili ya .reg ni maandishi na inaweza kukaa kwenye hazina, hilo ni jema, ila inaandika tu, haikagui. PowerShell inasoma na kuandika na inafaa kwenye skripti.

Njia niliyoipenda kwa kesi hii ni winget configure. WinGet ilifika toleo 1.0 mwaka 2021 kama zana ya kusakinisha programu, na mwaka 2023 ikaongezewa uwezo wa kusoma faili ya YAML (maandishi yenye mpangilio maalumu) inayoeleza hali inayotakiwa: programu hizi ziwepo, hali ya msanidi iwashwe, toleo la Windows lisiwe chini ya kadhaa. Nyuma yake kuna mfumo wa PowerShell DSC, ambao kila kitu ndani yake kinajua mambo matatu: kusoma hali iliyopo, kuipima kama ndiyo inayotakiwa, na kuibadilisha. Amri ya winget configure test inapima bila kubadilisha. Kwa anayeogopa kuharibu mashine ambayo bado anailipia, huo ni unafuu mkubwa. Gharama yake ni kwamba mara ya kwanza inapakua moduli, kwa hiyo usiipange siku bando limeisha.

Hali ya msanidi niliyoitaja ilihitajika kwa jambo lingine. Hazina ilikuwa na faili-kiungo, yaani faili isiyo na yaliyomo yake ila inaelekeza kwenye folda nyingine, ambayo timu iliitumia ili seva na kivinjari vishirikiane orodha moja ya aina za mikopo. Windows kwa desturi inamtaka msimamizi ndipo faili-kiungo itengenezwe. Tangu toleo 1703 la Windows 10, mwaka 2017, hali ya msanidi inaondoa sharti hilo. Bila hiyo, Git inaandika faili ya kawaida yenye anwani ndani yake, na programu inasoma anwani hiyo kana kwamba ndiyo orodha ya mikopo. Kosa la namna hiyo linaweza kukupotezea siku nzima.

Mahali pa kuwasha hali ya msanidi kwa kubofya pamehama mara kwa mara. Kwenye Windows 10 pako chini ya masasisho na usalama. Windows 11 ilipotoka pakawa chini ya faragha na usalama, kisha pakahamishiwa chini ya System. Nyaraka za mradi zilikuwa na picha za skrini za mahali pa zamani. Apple nao walifanya vivyo hivyo: mwaka 2022, kwenye macOS Ventura, dirisha la System Preferences likawa System Settings na kupangwa upya lote. Picha za skrini ni nyaraka zinazooza haraka kuliko zote, na bado ndizo tunazozitegemea kumfundisha mgeni.

Mfano ulio wazi zaidi wa hatari ya madirisha ni Dev Home. Microsoft waliitangaza Mei 2023 kama nyumba ya msanidi ndani ya Windows: usakinishaji wa mashine mpya, mipangilio ya Windows inayowahusu wasanidi, uundaji wa Dev Drive (sehemu ya diski ya kazi za wasanidi), vyote mahali pamoja. Ilikuwa nzuri kutazama. Mwanzoni mwa 2025 wakatangaza kwamba ingeondolewa Mei mwaka huo huo, baadhi ya kazi zake zikihamia kwenye mipangilio ya Windows. Waliokuwa wamezoea kubofya ndani yake walianza upya. Waliokuwa na faili ya YAML ya winget configure hawakupoteza kitu. Amri ile ile iliendelea kusoma faili ile ile. Kama kuna hoja moja ya kumshawishi bosi asiyetaka kusikia habari za "faili za mipangilio", ni hiyo.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hii ya Windows ilikuja kuwa haihitajiki, kwa sababu mwenye mashine alikubali kuhamia WSL 2, yaani Linux yenye kerneli halisi inayoendeshwa ndani ya Windows. Ndani yake mfumo wa faili ni ext4, kwa hiyo kikomo cha herufi 260 na shida ya faili-kiungo vinatoweka vyenyewe. Lakini alifanya jambo ambalo wengi hulifanya: aliuacha msimbo kwenye diski ya C na kuufikia kupitia /mnt/c. React ikawaka, kosa halikutokea, ila alipohifadhi faili ukurasa haukubadilika. Akashauriwa kupandisha max_user_watches. Akapandisha. Haikusaidia, na isingeweza kusaidia: mabadiliko yanayofanywa kwenye faili za upande wa Windows hayaifikii inotify ya WSL 2. Dawa ni kuuhamishia mradi kwenye nyumba ya mtumiaji ndani ya Linux yenyewe. Ulipohamishwa, ukurasa ulianza kujijenga, na npm install nayo ikawa nyepesi zaidi.

Mambo mawili madogo yalifuata. WSL 2 kwa kawaida inajiruhusu nusu ya RAM ya mashine, hivyo kwenye GB 8 tukaandika memory=3GB kwenye faili ya .wslconfig. Na ili faili za sysctl.d zisomwe inapowaka, systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux, iwashwe kwenye /etc/wsl.conf, jambo linalowezekana tangu mwaka 2022.

Mac, ambayo ilionekana haina tatizo

MacBook nayo ilionekana kukubali tangu siku ya kwanza. macOS inafuatilia mabadiliko kwa FSEvents, iliyokuja mwaka 2007, ambayo inaangalia mti mzima wa folda kwa ombi moja, kwa hiyo hakuna cha kufananisha na kikomo cha waangalizi. Tatizo lake lilikuwa la aina mbaya zaidi, lile linalojitokeza kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Mfumo wa faili wa APFS kwa kawaida hautofautishi herufi kubwa na ndogo. Faili iliitwa Mkopo.js, msimbo ukaiita mkopo.js, Mac ikakubali, seva ya Linux ikakataa. Unaweza kutengeneza sehemu ya diski inayotofautisha herufi kwa Disk Utility na kuweka miradi humo, na napendelea hivyo kuliko kubadilisha diski nzima, kwani zipo programu za Mac zinazoharibika kwenye mfumo unaotofautisha. Timu iliamua kuacha diski ilivyo na kuendesha majaribio yote ndani ya kontena la Linux kabla ya kila muunganisho. Uamuzi wao ni mzuri kuliko pendekezo langu. Unamlinda pia mwenye Windows.

Majaribio ya Python nayo yaliwahi kukwama kwa kufungua faili nyingi kupita kiasi, kwa sababu ganda la macOS linaanza na kikomo cha faili 256 zilizofunguliwa. Hapa kuna njia ya launchctl inayobadilisha mashine nzima, na kuna ulimit -n 4096 kwenye mstari wa juu wa skripti ya majaribio. Ya pili inatosha na haiachi alama kwenye mashine ya mtu.

Kuhusu amri ya defaults, ambayo ndiyo zana maarufu ya wasanidi wa Mac, nina neno la tahadhari. Inasoma na kuandika mapendeleo ya mfumo na ya programu, na kwa kuharakisha kibodi hakuna njia fupi kuliko defaults write -g KeyRepeat -int 2. Lakini haina orodha ya funguo zinazokubalika. Andika jina lolote, hata la kubuni, itahifadhi na kunyamaza. Ndiyo maana kuna skripti ndefu zinazozunguka kati ya wasanidi, mamia ya mistari, zenye funguo ambazo macOS iliacha kuzisoma zamani, na anayeziendesha anaamini amebadilisha kitu. Linganisha na gsettings ya GNOME: kila ufunguo una maelezo ya aina na thamani zinazoruhusiwa, na ukikosea jina inakataa. Zaidi ya hapo, ukiendesha dconf watch / kisha ukabofya kitu kwenye dirisha la mipangilio, jina la ufunguo uliobadilika linaandikwa mbele yako. Kwenye Mac unalazimika kuchapisha defaults read kabla na baada ya kubofya, kisha kulinganisha faili mbili. Kwa upande huu GNOME imeitendea haki kazi ya msanidi, na ingestahili kusifiwa zaidi ya inavyosifiwa.

Kasi ya kibodi, rangi ya mandhari na ukubwa wa maandishi nilivitoa nje ya hazina ya mradi. Ni vya mtu. Mradi ukianza kupanga vidole vya watu, wataacha kuendesha skripti yake, na pamoja na hivyo wataacha yale ya lazima.

Kilichoamuliwa

Tulijadili Ansible, zana ya kupanga mashine nyingi kutoka mahali pamoja, kwa uzito. Ina moduli za sysctl, za dconf, za defaults za Mac na za rejista ya Windows, kwa hiyo lugha moja ingeeleza mashine zote nne. Isipokuwa kompyuta inayotoa amri haiwezi kuwa Windows yenyewe, lazima iwe WSL, na kwa watu wanne mstari mmoja wa sysctl haustahili kufundishiwa zana nzima. Wakifika kumi nitabadilisha ushauri. Nix, zana inayojenga mfumo mzima kutokana na faili ya usanidi, pia ilitajwa. Mtu anayetumia NixOS anaandika boot.kernel.sysctl kwenye faili ya usanidi na kama haikumfaa anarudi kwenye hali ya jana kwa amri moja, na nix-darwin inaleta sehemu ya uwezo huo kwenye Mac. Kwa kurudisha nyuma hakuna inayoikaribia. Ila inapakua vingi na inahitaji muda wa kujifunza ambao timu yenye mteja anayesubiri haikuwa nao.

Wakaishia na folda iitwayo mashine ndani ya hazina. Ndani yake kuna faili ya .conf ya sysctl yenye mstari mmoja na maelezo ya kwa nini ni 131072, faili ya YAML ya winget inayosakinisha Git na kuwasha hali ya msanidi kwa yeyote atakayebaki nje ya WSL, na mfano wa .wslconfig. Kwenye mzizi wa mradi kuna .gitattributes yenye * text=auto eol=lf, kwa sababu skripti za bash zilizohifadhiwa kwa mtindo wa Windows wa kumaliza mistari zilikuwa zikikataa kuendeshwa ndani ya kontena. Huo si mpangilio wa mfumo endeshi, na ndiyo sababu naupenda: umeondoa tatizo la mfumo endeshi bila kumgusa mtu kompyuta yake.

Kitu ninachokithamini kuliko vyote ndani ya folda hiyo ni skripti fupi iitwayo kagua. Haibadilishi chochote. Inatambua iko kwenye mfumo gani, inasoma sysctl -n fs.inotify.max_user_watches au LongPathsEnabled au ulimit -n, inachapisha thamani iliyopo pembeni ya inayotakiwa, na inaeleza faili ya kuitumia kama havilingani. Ikiwa ndani ya WSL na mradi uko chini ya /mnt, inasema hivyo mstari wa kwanza. Sasa mtu akiandika kwenye kundi lao kwamba kwake haifanyi kazi, jibu la kwanza ni kumwomba matokeo ya kagua, na mazungumzo yanaanza kwenye thamani zinazoonekana.

Jambo moja lilibaki nje, na litaendelea kubaki nje. Kwenye macOS, ruhusa ya programu kusoma diski nzima au kuandika kwenye folda zinazolindwa haiwezi kutolewa kwa skripti; mfumo unadai mwenye mashine abofye mwenyewe, au kampuni isimamie kompyuta zake kwa zana rasmi za usimamizi wa mbali. Ulinzi huo nauunga mkono, kwani skripti inayoweza kujipa ruhusa hiyo ingekuwa hatari kwa kila mtu. Kwa hiyo mwenye MacBook ana aya ya maandishi kwenye README, isiyo na picha, inayotaja jina la ruhusa na kumwambia alitafute kwa kisanduku cha utafutaji kilicho juu ya dirisha la mipangilio, ukurasa wowote utakaokuwa umehamishiwa.